Uso wa Mpiganaji wa Kinyago

Mimi si msemaji, na wiki iliyopita nilijua kwa nini.

Kwenye banda la gemu hapa Nyakanazi tulikuwa tukibishana kuhusu yule mpiganaji wa kinyago wa kwenye gemu, ambaye haonyeshi uso hata akishinda. Mmoja alidai ni mfalme aliyepinduliwa. Mwingine akasema ni mwanamke.

"Na wewe bubu wetu, unasemaje?"

Wote wakanyamaza kunisikiliza. Haikuwahi kutokea, nikavimba kichwa.

"Ni mkimbizi," nikasema. "Ametoroka kambini, ndiyo maana anajificha."

"Mkimbizi gani anajificha mbele za watu?"

Sikutaka kushindwa. Nikamshika bega rafiki yangu Elia. Kirundi chake kinafanana na Kihangaza chetu, na wote walimdhani ni mwenyeji wa Murusagamba, upande wetu wa mpaka.

"Si kama huyu? Mwaka mzima mnacheza naye, nani alimjua?"

Walicheka, wakakubali nimeshinda. Elia hakucheka. Aliweka pedi ya gemu chini taratibu, akitazama nyuma yangu. Mgambo aliyekuwa akingoja zamu yake ya kucheza alikuwa ameshasimama.

"Kijana," akamwambia Elia, "kibali chako cha kutoka kambini kiko wapi?"