Twiga wa leo asubuhi

Jamani, leo nimemshtua twiga kwa kumtaja Mungu!

Huku Saadani tunajifunza kupiga filamu za wanyama. Mwalimu alishatuonya: kamera ikiwaka, kimya. Picha itakayoshinda leo ndiyo itafungua filamu ya darasa, nami nilishaiombea dua tangu alfajiri.

Basi ukungu ukafunguka taratibu, twiga huyo, anatembea kama yumo ndotoni.

Neno likanitoka: "Subhanallah!"

Akageuka, akaitazama kamera. Zile kope!

Kisha ukungu ukamfunika.

"Mama Zuhura, mbona umesema?" mwalimu akalalamika.

"Mwanangu, ningenyamazaje?"

Akairudia picha, akatabasamu. "Umeshinda, mama. Ila sauti yako naikata."

Nikatikisa kichwa.

"Basi chukua ya mwenzangu, baba. Bila lile neno, hii si yangu."

Bado anafikiria. Nyie mngekubali ikatwe?