Mtoto wa Posho

Mgeni akiingia kwa mama Rwamba hakupewa chakula. Alipewa swali kwanza: "Utakula nini?" Na usidhani aliuliza kwa adabu tu, kama wale wanaouliza huku moto umezimwa tangu asubuhi. Jibu lako lilimtuma mahali. Ukisema nduma, yaani magimbi, aliteremka hadi kwenye majimaji kando ya mto. Ukisema kiazi kikuu, alishika mti wa kuchimbia akaenda kukitafuta chini ya shina la mti kilikotambaa. Ukisema ndizi, hapo ulikuwa umejitafutia kazi, kwa sababu aliuliza tena: ya kuchoma, ya kupika au ya kuiva? Aina ya muraru au ya mutahato? Wenye njaa walikuwa wakijibu, "Chochote tu, mama," na hilo ndilo jibu pekee lililomuudhi.

Igoki aliolewa katika boma hilo la Embu akitoka nyanda za chini, upande wa Gachoka, ambako watu hushukuru mvua ikinyesha na mtama ukikubali. Kwao chakula kilikuwa kile kilichoota mwaka huo. Juma la kwanza mama mkwe alimtuma kwenye migomba alete ndizi ya kuchoma, naye akasimama pale kama mtu aliyepotea njia, maana migomba yote ilikuwa mikubwa na yote ilikuwa kijani. Akakata ile iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya kuivisha, tena bado changa sana, na jioni hiyo familia nzima ilitafuna kwa subira huku Rwamba akicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Utajifunza," alimwambia. "Mtu akijua anachopenda, hata akiwa maskini hana shida sana."

Na kweli Igoki alijifunza. Miaka miwili haikwisha kabla hajaanza kununa akipewa mutahato siku aliyotamani muraru. Mume wake alimtania kwamba ameoa msichana wa mtama, sasa analisha binti wa chifu. Baadaye, kila alipokumbuka miaka hiyo, Igoki hakukumbuka kushiba. Alikumbuka kununa. Alikuwa na vyakula vingi hivi kwamba aliweza kukikasirikia kimoja, na utajiri huo hakuujua hadi ulipochukuliwa.

Ulichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipopigana na wapiganaji waliojificha msituni. Mume wake alipelekwa kizuizini. Watu wa kilima chote waliambiwa wahame, nyumba zikatiwa moto, wakasukumwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, na ndani ya handaki vijiti vilivyochongwa. Wanawake walitoka asubuhi kwa kazi ya kulazimishwa chini ya bunduki, wakarudi jioni kupanga foleni ya posho. Unga wa mahindi, basi. Ulikuwa na wadudu na ulinuka gunia. Rwamba aliula bila neno mpaka ukamshinda, na siku zake za mwisho alikuwa akitaja vyakula kwa majina, polepole, kama mtu anayeita watoto wake warudi nyumbani. Igoki alimzika akiwa na mimba ya miezi saba.

Mtoto wa kike alizaliwa humo kijijini, wakambatiza Nelius. Alikua kwa unga huo. Lakini Igoki hakuweza kuvumilia kabisa. Mara mojamoja, akitoka kazini, alipitisha ndizi moja chini ya nguo, wakaila wawili gizani, na maganda akayachoma. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Aliyekuwa na ndizi alikuwa amefika shambani, na aliyefika shambani, kwa hesabu ya wakubwa, alikuwa amewapelekea chakula watu wa msituni. Cicily, jirani yake, alikutwa na ganda moja la nduma nyuma ya nyumba. Walimpiga hadi akawa hawezi kukaa.

Tena walikuwapo wajanja kati ya homugadi, wale askari wenyeji waliolinda kijiji. Mmoja, Ndambiri, alitembea kati ya watoto na ndizi mbivu mfukoni. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akatabasamu, akaitoa. "Hii ni nini?" Mtoto akiitaja kwa furaha, mama yake alikuwa na maswali ya kujibu siku hiyo.

Kwa hiyo Igoki alimfundisha binti yake mapema, kabla hajajua hata kufunga kamba ya nguo. Alimshika mashavu akamwambia, "Mtu yeyote akikuonyesha chakula akikuuliza, sema: sijui, mimi nakula posho. Usishike. Usile. Yeyote, umenisikia?" Ndizi za gizani zikakoma pia, kwa usalama. Nelius alikuwa mwanafunzi mwema. Ndambiri alimjaribu mara nyingi na hakupata kitu.

Mwaka wa hamsini na tisa watu waliruhusiwa kurudi kwenye mashamba. Igoki alipanda kilima akiwa na mtoto mgongoni, mume wake akiwa bado kizuizini, akitarajia kukuta kichaka. Kichaka kilikuwapo. Lakini migomba haikuwa imeomba ruhusa ya mtu. Ilizaa katikati ya magugu, mikungu mingine imeoza ikining'inia, mingine ndege wamekula nusu. Nduma zilijaa bondeni. Chini ya shina kuukuu kiazi kikuu kilikuwa kimenenepa miaka yote hiyo bila kuguswa. Igoki aliweka mtoto chini, akakumbatia mgomba, akalia kwa sauti bila kuona haya.

Siku ya pili alipika kama mwenye arusi. Akachoma, akachemsha, akaponda. Akatandaza majani ya mgomba mbele ya kibanda kipya na kupanga kila kitu juu yake. Halafu akainua ndizi moja mbivu, akachuchumaa mbele ya binti yake, akatabasamu.

"Nelius, hii ni nini?"

Mtoto aliitazama, akamtazama mama, akaweka mikono nyuma.

"Sijui. Mimi nakula posho."

Igoki alidhani ni mzaha. Akacheka, akamkaribisha nduma, akamkaribisha kiazi, na kila mara alipata jibu lilelile, kwa sauti ileile iliyonyooka. Alipomtia kipande mdomoni kwa nguvu, mtoto alikitema, akakifukia kwa vidole na kukanyagakanyaga udongo juu yake.

Siku zikapita. Nelius alikunywa maji, akalamba unga wa posho uliobaki kwenye mfuko, na mfuko ukaisha. Mbavu zilianza kuonekana. Igoki alibembeleza, akafoka, hata akachapa, kisha akaomba msamaha. "Ni mimi nilikwambia ukatae, na sasa mimi nakwambia ule. Yale yameisha, mama." Lakini alikuwa amemwambia *yeyote*, na mtoto alikuwa amesikia vizuri. Igoki alitazama chakula chote kile kikipoa juu ya majani, akamkumbuka Rwamba, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata kwenye foleni.

Asubuhi moja aliacha kubembeleza. Alichukua chane mbili za ndizi mbivu, moja ya muraru na moja ya zile fupi za sukari, akaenda kuketi kando ya njia kubwa ambako kila mtu hupita, na mtoto kando yake. Akala mchana peupe. Maganda akayatupa katikati ya njia. Watu walipita, wakasalimia, wakaendelea na safari zao. Nelius alikuwa akihesabu nyuso zao.

Kisha akatokea Ndambiri. Hakuwa na bunduki wala kofia, alikuwa na jembe begani na suruali iliyotiwa viraka. Igoki alitamani kuondoka. Kwa miaka alikuwa amejiahidi kwamba akikutana na mtu huyu njiani atamtemea mate.

Ndambiri aliona maganda, akasimama. Kabla hajafungua mdomo, Nelius alikuwa ameinuka, mikono nyuma.

"Sijui," akasema. "Mimi nakula posho."

Mwanamume yule alimtambua. Uso wake ulibadilika, akahamisha jembe bega la pili, akakosa mahali pa kutazama.

"Mama Nelius," akasema mwishowe, "bado anasema hivyo?"

"Bado. Na hali kitu. Atakufa akisema hivyo."

Igoki alikuwa na mate mdomoni na maneno yote aliyoyaweka miaka hiyo. Akayameza. Akakata ndizi moja ya muraru, akamnyooshea.

Ndambiri alikaa chini kwenye vumbi, mbele ya mtoto. Akamenya taratibu, akala yote, akajipangusa midomo. Ganda akalitupa pamoja na yale mengine.

"Ni ndizi," akamwambia Nelius. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ni yenu. Hakuna mtu atauliza." Akachukua jembe lake akaenda.

Nelius alimfuata kwa macho hadi akapotea kwenye kona. Ndipo akanyoosha mkono, akachukua muraru, akauma bila kumenya vizuri, akatafuna. Akakunja uso.

"Hii sitaki," akasema. "Nataka ile fupi."

Igoki alimvuta kifuani akamkumbatia hadi mtoto akalalamika kwamba anabanwa. "Sema tena," alimwambia huku machozi yakimtiririka. "Sema tena hutaki nini."