Nyayo za Ujumbe wa Sapiwi

Jamani, aibu hii ningeendelea kuificha, lakini mke wangu ameshaisimulia kwenye harusi tatu, kwa hiyo bora niitoe mwenyewe kabla hajaongeza chumvi.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mtu wa redio ya upepo pale Bariadi, napokea ujumbe wa vijijini naupeleka kiwanda cha pamba, na kila ujumbe unaandikwa daftarini: namba, saa ulipoingia, saa ulipotoka, kisha tiki mwenzako akijibu kwamba ameupata. Jumatatu moja nikajaza saa na tiki za wiki nzima iliyokuwa mbele kwa mkupuo (uvivu tu, nisiwadanganye) ili nipate kwenda kutazama mazoezi ya ngoma.

Jumatano asubuhi wakulima wa Sapiwi wakajaa uani. Pamba yao ilikuwa nje, mawingu yametanda, na lori waliloomba juzi halijaonekana. Aliyewaongoza ni Kabula, karani wao wa redio, binti niliyemjua kwa sauti tu, na kumwona hivi nikatamani sifa. Nikatoa redio barazani nikawaambia ujumbe uliopotea unafuatwa kama ng'ombe aliyeibwa, nyayo zinapoishia ndipo wenyeji wanapojibu. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Nikasoma namba kumi na nne: Sapiwi wametuma saa nne, nimepokea saa nne, nimepeleka saa nne na robo, tiki. Karani wa kiwandani akasoma daftari lake redioni: hakuna kitu. Nikabonyeza kitufe cha kusemea nikatangaza kwamba yeye ndiye aliyeumeza, na kwa utamu wa ushindi nikasahau kukiachia.

Kabula alikuwa ameinamia daftari langu.

"Ndugu, huu wa leo saa tisa alasiri wenye tiki nimeutuma lini? Sasa hivi ni saa tatu asubuhi."

Wote waliofungulia redio walisikia. Nilipokiachia kitufe, sauti ya karani wa kijiji cha Kimali ikaingia, ya upole kabisa: "Bariadi, na ujumbe wetu wa kesho umeshafika?"

Uwanja ulicheka mpaka watu wakakaa chini, nami nikamwomba radhi karani na kuomba lori mbele ya wote. Lilikuja. Nilipandishwa juu yake, nikabeba magunia mpaka mgongo ukalia, na la mwisho lilipoingia ghalani mvua ikamwagika, tukaicheza ngoma humo humo, mimi nikiwa ndiye wimbo.

Tangu siku hiyo sijaweka tiki kabla ya kusikia jibu. Hata ningetaka nisingeweza: Kabula akiniletea chai, hasogei mpaka niseme nimepokea.