Aliyenyimwa Maji ya Kunawa

Nakumbuka siku moja ya mvua hapa hapa Kabeza, mwanangu, na kama ingekuwa ya kusahaulika ningeshaisahau, maana mimi jana tu nimetafuta miwani nyumba nzima kumbe ninayo kichwani. Kaa hapo, sogeza kiti. Najua kesho mnamzika ndugu yako, na najua ukoo umekuchagua wewe usimame mbele ya watu useme kilichomuua. Wameshakufundisha kusema presha. Haya, kabla hujaenda kuitangaza hiyo presha, nisikilize mimi kizee.

Wakati ule nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimerudi nchi yetu hii kutoka Tanzania nilikozaliwa, napiga chapa katika ofisi moja kule Kacyiru. Nilikaa kwa baba yangu mdogo, kwenye nyumba yenye lango la bati la kijani. Mwanawe wa kiume aliitwa Egide. Ee, kijana alikuwa na maneno yule! Angemchekesha hata askari wa zamu. Kila alasiri akirudi alipiga mluzi nje ya lango, mmoja mfupi, halafu mrefu unaopanda juu, na mama yake anaacha sufuria jikoni anakimbia kumfungulia. Hakugonga hata siku moja.

Kisha akaingia kwenye unga. Nyie mna majina yenu mapya, sisi tulisema unga. Akakonda, redio ikapotea, pasi ikapotea, na baba mdogo, mzee wa kanisa anayeheshimika, akakataza jina lake lisitajwe mezani. Majirani wakimuulizia tujibu yuko Kampala anasoma. Mtoto yuko chumba cha uani anatetemeka kwa arosto ya kukosa unga, sisi tunasema yuko Kampala! Asubuhi moja mama yake akampelekea chai, akamkuta kalala kifudifudi, midomo imebadilika rangi, sindano pembeni. Alikuwa amezidisha unga, ameshakata roho.

Watu wazima wakajifungia chumbani, wakatoka na neno moja: malaria imempanda kichwani. Malaria masikini ya Mungu, imesingiziwa mangapi nchi hii.

Desturi yetu unaijua. Mkitoka makaburini hamshiki kitu mpaka mmenawa. Beseni linawekwa langoni, mtu anamimina maji, na kila aliyegusa udongo wa kaburi anakiacha kifo mle ndani ya beseni. Ndipo watu wanakaa, vinywaji vinapita, na msemaji wa ukoo anaeleza marehemu ameondokaje. Siku ile mmiminaji nilikuwa mimi. Mstari ulipokaribia kwisha akaja Kalisa, rafiki wa Egide, waliyekuwa wakijidunga pamoja. Amelowa chapa, kucha zimejaa udongo, maana alishika koleo kuliko wajomba wote waliovaa suti. Akanyoosha mikono. Baba mdogo akanishika mkono wenye birika.

"Huyu teja hanawi hapa," akasema. "Wewe ndiye uliyemuua mwanangu. Toka!"

Kalisa akaitazama mikono yake, kisha akaondoka nayo hivyo hivyo, ameitenga na mwili kama mtu aliyebeba kitu cha moto. Muda si muda baba mdogo akashika kipaza sauti, akawaambia watu kwamba ni malaria. Wakaitikia, "Mwihangane," poleni, jipeni moyo.

Kesho yake alasiri tulikuwa sebuleni tumekaa ikiriyo, hayo matanga yetu, mvua imekatika. Tukausikia mluzi. Mmoja mfupi, halafu mrefu unaopanda juu.

Mama Egide alikuwa ameshainuka kabla hajakumbuka. Baba mdogo akamvuta kanga, akamkalisha. Mtu mmoja akasema, "Ni ndege tu," na wote tukakubali haraka haraka kwamba ni ndege. Mbwa alikuwa ameingia chini ya gari, hatoki hata kwa mfupa.

Siku ya pili, saa ile ile, ukaja tena, na safari hii ulikuwa karibu. Baba mdogo akalizungushia lango mnyororo, akatia kufuli. Wanamaombi wakaitwa, wakaimba, wakakemea mpaka sauti zikakauka. Walipotua kuvuta pumzi, mluzi ukalia nje ya lango, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka. Kisha bati likasukumwa kidogo, mnyororo ukalia. Mimi niliinama kuchungulia ule uwazi wa chini ya lango. Mwanangu, niliona viatu. Raba nyeupe zenye kamba nyekundu. Raba za Egide, nilizomfulia mwenyewe kwa mkono wangu.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba kiongozi wa maombi alinitangulia kufika chini ya meza.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amefika Shangazi Verena, dada mkubwa wa baba mdogo, kutoka Bukoba alikoolewa na kuzeekea. Mama mfupi, ugoro puani, haogopi mtu. Alikuwa amekaa pembeni muda wote anatutazama.

"Hebu niambieni," akasema. "Mtoto alikufa kwa nini?"

"Malaria, dada," baba mdogo akajibu.

"Tangu lini mtu aliyefiwa kwa malaria akafunga lango kwa mnyororo?"

Baba mdogo akaupapasa ufunguo mfukoni. Shangazi akaendelea:

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyie kifo kimeshawaumbua, na bado mnajifunika! Kama ni mzimu, ni mtoto wetu, ana haki ya kuingia kwao. Kama ni mtu, ana shida. Lete ufunguo."

Alikwenda peke yake. Sisi tulibaki barazani tumeshikana. Mnyororo ukaanguka, lango likafunguka, na pale chini, mgongo umeegemea nguzo, alikuwa Kalisa, na raba za Egide miguuni.

"Alinipa mwenyewe," akasema alipoona tunavyozitazama. Udongo wa kaburi ulikuwa bado uko vidoleni, umekauka, umepasuka pasuka. Hakuwa amenawa kokote. Ndani ya kiganja alikuwa amefumbata kijifuko kidogo.

"Tulinunua pamoja, tukagawana. Hii ni nusu yangu." Meno yalikuwa yanagongana. "Mzee aliniambia nimemuua. Halafu nikiwa barabarani nikasikia kwenye kipaza sauti ni malaria. Nikasema kama ni malaria, basi huu hauna neno, nitautumia. Shangazi, niambieni ukweli. Alikufa kwa nini?"

Pale ndipo niliposikia baridi ya kweli, si ile ya mzimu. Mama Egide ndiye aliyepita katikati yetu, akapiga magoti kwenye matope.

"Unga, mwanangu," akasema. "Ni huo huo. Ndio uliomuua mtoto wangu, usikuue na wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutajwa katika nyumba ile. Kalisa akafumbua kiganja. Shangazi akachukua kijifuko, akaenda kukimwaga chooni. Mama Egide akaleta beseni mwenyewe, akanipa birika, nami nikamimina, naye akaisugua ile mikono, kidole kimoja kimoja, huku analia kwa sauti.

Mimi bado nilikuwa na hasira ya woga. Nikamwambia, "Na wewe Kalisa, si ungegonga tu? Kwa nini ututishe na mluzi wa marehemu?"

Akanikodolea macho.

"Mluzi? Mimi nilidhani ni nyie mnaniita. Kila nikitaka kujidunga nausikia, unatoka upande huu. Ndio ulionileta."

Maji yalinimwagikia miguuni. Shangazi Verena, bila hata kuinua kichwa, akasema, "Mimina, binti. Hajamaliza kunawa."

Haukusikika tena. Mama Egide aliusubiri alasiri nyingi, lakini haukurudi.

Shangazi alimpeleka Kalisa hospitali akiwa amemkumbatia, akakaa naye siku zile mbaya. Usidhani iliishia hapo. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, na wengine walisema tunapoteza muda. Hujafa hujaumbika, mwanangu. Yule fundi aliyekuwekea vigae jikoni kwako kule Kinyinya, ukamsifia mkono wake, ndiye huyo. Ameniruhusu nikuambie.

Sasa nisikilize. Kesho wenzake ndugu yako watakuja makaburini. Watasimama nyuma kabisa, kofia zimeshushwa usoni, na mmoja wao huenda ana nusu yake mfukoni. Hajui aitupe au aitumie, anasubiri kusikia wewe utasema nini. Ukisema presha, utakuwa umemruhusu. Ukisema unga, baba yako atainamisha kichwa, mashangazi watanong'ona wiki nzima, na utaona aibu, sikufichi. Lakini aibu hainyimi mtu pumzi. Sema ndugu yako alikuwa mtu, aliumwa ugonjwa huu, mlimpenda, na unga ndio uliomwondoa. Halafu simama penye beseni wewe mwenyewe, na asifukuzwe mtu. Na siku yoyote ukisikia kitu nje ya lango lako, kabla hujaita wanamaombi, fungua kwanza uone ni nani.

Nenda ukapumzike. Mungu aliyekupa ulimi akupe kesho na kifua cha kuutumia. Ampokee Egide asiyewahi kuwa Kampala, na ndugu yako asiyewahi kuumwa presha. Na wewe akubarikie maji ya birika lako, yasiishe mpaka wa mwisho mwenye kofia amenawa.