Aliyemaliza Asiseme

Mwezi uliopita nilikuwa Mtwara kwa harusi ya mpwa wangu, nikaingia duka moja la vitabu pale Chuno kukwepa jua. Binti wa dukani akaniuliza napenda kusoma nini. Nikamwambia riwaya za upelelezi. Basi uso ukamchangamka, akanishushia tatu mpya na kuanza kunisimulia moja baada ya nyingine, na kila alipokaribia kumtaja muuaji aliziba mdomo kwa kiganja. Ndugu yangu, nilicheka mpaka akadhani namdhihaki.

Maana mimi nimelelewa na watu wa namna hiyo. Utotoni kwetu Magomeni, ile ya hapo hapo Mtwara, mwuza vitabu alikuwa na meza moja kwenye baraza ya fundi cherehani. Alikuwa mkali, hakupenda mtu apekuepekue vitabu vyake, lakini riwaya mpya ya upelelezi ikifika kutoka Dar es Salaam alisahau ukali wote. Alikusimulia maiti ya kwanza, akakusimulia na ya pili, kisha akanyamaza ghafla na kukuacha na kiu. Nakala ilikuwa moja tu, nasi wasomaji wake sita tuliipokezana kwa zamu: nesi, mwalimu wangu wa darasa la sita, karani wa bandarini, fundi mwenyewe, mimi, na jirani yetu. Sheria ilikuwa moja: aliyemaliza asiseme. Kwangu mimi, mdogo kuliko wote, kuingizwa katika zamu ile ilikuwa heshima kubwa kuliko kushika namba ya kwanza darasani.

Jirani alikuwa mama wa makamo aliyebangua korosho uani kwake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, na moshi wa kuzichoma ulitukohoza mtaa mzima. Nikitoka shule nilimsaidia kumenya, naye alinipa zilizovunjika. Siku moja kitabu kilikuwa kwake, baada ya zamu yangu, amefika katikati. Akaniambia anamwonea huruma yule mtumishi wa ndani, anamwombea atoke salama. Mimi kwa kiherehere, nikitaka aone nilivyo na akili, nikamwambia asijisumbue, mtumishi ndiye aliyeua.

Hakunigombeza. Aliweka korosho chini, akasema taratibu, "Kumbe hata vitabuni ni sisi tu."

Ndipo nikajua kwamba ujanani alifanya kazi za ndani Dar es Salaam, akasingiziwa kuiba hereni za mama mwenye nyumba, akafukuzwa bila kupewa nafasi ya kujieleza. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Kitabu alikirudisha bila kukimaliza. Mwuza vitabu akanitazama, akasema mdomo uliponza kichwa, na kwamba nimetoka kwenye zamu. Nililia pale pale barazani mbele ya wateja wa fundi. Nadhani kilio kilimchosha, kwa sababu alichana karatasi kutoka daftari lake, akanipa na penseli. Kama nataka kurudi, alisema, nimwandikie yule mama mwisho mwingine, na usiwe wa kumbembeleza. Ushahidi niutafute humo humo kitabuni.

Ilinichukua wiki nzima. Nikagundua kwamba daktari wa familia alilitaja jeraha kabla hajaonyeshwa maiti, nikamkamata hapo. Mtumishi nilimwachia huru, nikampandisha basi la kwao. Mwuza vitabu alinirudishia mara mbili nirekebishe, kisha akazibandika kurasa zangu kwa gundi nyuma ya kitabu.

Leo baraza ile ni duka la vifuniko vya simu. Mwuza vitabu alishafariki, na jirani naye tulimzika mvua za mwaka juzi. Nasikitika, sitakuficha. Ila ukiona jina langu kwenye jalada la riwaya ya upelelezi, ujue kazi hiyo nilianzia kwenye karatasi zile za daftari, na msomaji wangu wa kwanza alikuwa jirani.

Kurasa zile alizisoma mbele yangu, uani kwake, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza alifuta macho kwa pindo la kanga, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Alipofika kwao, walimwamini?"

Hilo sikuwa nimeliandika. Nikamwambia, ndiyo mama, walimwamini.

Akanisogezea kitabu. "Basi andika."