Jicho Pekee la Babu

Nilikuwa shule ya kati, miaka ya hamsini, siku mwalimu alipotugawia miiba ya mgunga. Mmoja afumbe macho, mwenzake amguse kwa miiba miwili kwa pamoja, naye aseme kama ni mmoja au ni miwili. Mgongoni, hata ilipoachana kwa upana wa vidole vitatu, niliapa ni mmoja. Kwenye ncha ya kidole sikudanganyika.

Nyumbani nikamjaribu mama. Vidole vyake vilikuwa vimekomazwa na jembe na jiwe la kusagia, kila mara akasema mmoja. Nikajiona nimemshinda, maana kiburi nilikuwa nacho. Ndipo akatoa ulimi. Hapo alihesabu miwili hata nilipoisogeza ikakaribia kugusana.

"Kwani mwalimu ndiyo kwanza anajua?" akaniuliza. Msimu wa kupura ulezi, yeyote aliyeingiwa na kapi jichoni alikimbilia kwa mama, naye alilitoa kwa ncha ya ulimi.

Msimu huohuo kapi likamwingia babu, mzaa baba. Jicho lake la pili lilikuwa limekufa zamani. Wakajaribu maji, wakajaribu ncha ya kitambaa; jicho likazidi kuvimba. Mama hakuweza kumsogelea, kwa kuwa kwetu Wakurya mkwe na mkaza mwana hawagusani, hata kwa dawa. Mjukuu wa kike, kama mimi, na babu ni watani, hata huitana mume na mke; hawana mwiko huo.

"Nenda wewe," mama akasema, akajibanza nyuma ya ghala.

Nikasukutua kinywa. Babu alikaa kwenye kigoda. Niliogopa, nasema kweli. Ningefanya papara, angebaki kipofu.

"Inua kope," sauti ya mama ikaja. "Pitisha ulimi polepole, ukielekea puani. Usilitafute. Utalisikia lenyewe."

Mara ya kwanza nilionja machozi tu. Ya pili, machozi. Ya tatu kitu kikanikwaruza, kidogo kuliko chenga ya unga, nikakizoa.

Babu akapepesa jicho, akanitazama, akatazama ghala. Kumshukuru mama ana kwa ana hakuruhusiwa. Basi akaniambia mimi, kwa sauti ya kufika zizini:

"Mke wangu, mwambie aliyekuzaa kwamba ndama wangu nawaona mpaka kule mlimani. Na mwanangu alioa vizuri."

Nikazunguka ghala kumwambia mama, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Akaniomba nirudie. Nikarudia.