Siku Mama Alipofika Mwimbi kwa Mkokoteni

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na mitumba ilipoanza kumwagika Sumbawanga, nilikuwa na meza yangu sokoni na sikujua uchovu. Kila robota la nguo likifunguliwa, moyo ulinienda mbio. Nyumbani Pito, nje kidogo ya mji, mke wangu alilima mahindi na ulezi pamoja na mama yangu mzazi, tuliyeishi naye tangu baba alipofariki.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Mama alitia chumvi kwenye uji, akaonja, akatia tena. Akaanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Kiswahili chake, alichokuwa akikitumia kanisani na sokoni bila shida, kikamtoka kidogo kidogo, akabaki na Kifipa tu. Halafu likaja hili la kuondoka. Jua likianza kushuka alijifunga kitenge kiunoni, akachukua ungo wake, akasema anakwenda kwao, mama yake anamngoja. Kwao ni Mwimbi, ambako kwa miguu huwezi kufika hata ukitembea kutwa, na huyo mama yake alikuwa amezikwa kabla mimi sijazaliwa.

Tulimweleza ukweli. Kila siku tulimwambia mama yake alishafariki, na kila siku alilia kama mtu anayepata msiba huo kwa mara ya kwanza. Nikafunga mlango kwa komeo. Aliugonga mpaka mikono ikavimba.

Kwa ajili ya ile mikono tukaenda zahanati. Nesi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliifunga bandeji, kisha akatuuliza mengine yote. Alisema huu ni ugonjwa wa ubongo, si kurogwa, na dawa ya kuuondoa hana.

“Lakini ukimwachia mkeo kazi hii peke yake, nitakuja kuwatibu wawili,” aliniambia. “Kaeni na majirani mpange. Na acheni kubishana na mama. Mfuateni huko huko aliko.”

Jumapili, baada ya misa, tukaita watu. Alikuja shangazi yangu, na walikuja majirani zetu Wasukuma, mtu na mkewe, waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini na ambao wengi mtaani walikuwa bado hawajawazoea. Nilidhani wataona haya kusema mbele yetu. Yule mama wa Kisukuma akasema baba yake aliugua hivyo hivyo, na kwamba kilichowashinda ni kila mtu kumjibu mzee kivyake. Huyu anasema ndiyo, yule anasema hapana, mzee wa watu anachanganyikiwa zaidi. Basi tukakubaliana neno moja: hakuna kumkatalia, hakuna kumfungia. Asubuhi angekuwa kwa jirani wakipeta ulezi. Mchana shangazi. Jioni mimi ningefunga meza mapema, nitembee naye popote anapotaka, mpaka miguu yake yenyewe iombe kurudi.

Ilivyotusaidia, sikuamini. Mama na yule mama wa Kisukuma walikaa uani, mmoja akisema Kifipa, mwingine Kisukuma, wakicheka pamoja, na mpaka leo sijui walikuwa wanacheka nini. Mke wangu akaanza tena kulala mchana, na kuimba.

Siku moja nikiwa sokoni, tumezunguka robota jipya, nikaletewa habari kwamba mama hayupo. Shangazi alikuwa ameingia jikoni kusonga ugali, akatoka akakuta kiti kitupu. Nilikimbia na suruali ya mtu mkononi. Nilipofika Pito watu walikuwa wameshagawana, hawa mtoni, hawa kanisani, na mimi nikashika barabara ya Mwimbi, upepo wa kipupwe ukinipiga usoni.

Nikaona mkokoteni wa ng'ombe unakuja. Juu ya magunia ya mahindi alikaa mama, mgongo umenyooka, ungo mapajani, anatazama mashamba kama mwenye mali. Jirani yangu, mume wa yule mama wa Kisukuma, alitembea mbele ya ng'ombe wake. Aliponiona alinionyesha kiganja: taratibu.

Alikuwa amemkuta mbali, anatembea peke yake. Hakumwambia amepotea. Alimwamkia shikamoo, akataja Mwimbi huku akiwaonyesha ng'ombe wake kwa kidole, akampa ishara apande apumzishe miguu. Akaenda naye mbele kidogo, kisha akazunguka shamba la watu, mduara mkubwa sana, mpaka wakawa wanarudi bila mama kuhisi kwamba wamegeuka.

“Namleta mgeni,” aliniambia polepole. “Kimbia ukawaambie wampokee.”

Nilikimbia kwa furaha ambayo sikuwahi kuijua katika biashara. Uwanja ukafagiliwa, maji ya kunawa yakawekwa, waliotoka mtoni na kanisani wakasimama mlangoni. Mkokoteni ulipoingia, mke wangu alipiga magoti, akasema kwa Kifipa, “Karibu nyumbani, mama. Tulikuwa tunakungoja.”

Mama akashuka ameshikwa mkono. Alitutazama mmoja mmoja. Akauliza kama ulezi umeshavunwa. Mke wangu akamjibu bado kidogo, tulikuwa tunamsubiri yeye. Basi akakaa, akanawa, akala vizuri, akasema watu wa Mwimbi wanajua kupokea mtu. Shangazi alicheka huku anafuta machozi.

Tangu hapo, kila alipoanza kuhangaika sana, jirani alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, na mama alifika kwao akapokelewa upya. Zilikuwapo siku mbaya, siku za kutusukuma na kukataa chakula, lakini hazikumkuta mtu akiwa peke yake. Aliishi mavuno kadhaa zaidi, akafariki mchana wa masika, mke wangu kashika mkono huu, mama wa Kisukuma ule.

Matanga hayajaisha, ikaja familia kutoka upande wa pili wa mji kuuliza wafanyeje na baba yao, ambaye naye ameanza kusahau. Wale wanawake wawili waliondoka nao siku hiyo hiyo, wakiongea njia nzima.